Mwaka Nilipoacha Nyama

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni, karai la maji moto mbele ya miguu yake, akinyonyoa kuku mwekundu. Nilikuwa nimetoka chuoni mchana huo, begi bado liko begani, viatu vimekuwa vizito kwa udongo wa kwetu Mautuma, ambao mvua ikishaupiga hauachi mguu wa mtu kwa urahisi. Aliinua uso akanitazama kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo zuri kabla ya kuombwa. Kuku huyo alikuwa wangu. Kila nilipofunga shule, na sasa chuo, mama alimwita jirani aje amchinjie, maana kwetu mwanamke hamwekei kuku kisu shingoni. Baada ya hapo kazi yote ilikuwa yake, kunyonyoa, kubanika juu ya moto ili manyoya madogo yaungue, kukatakata, kupika.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima kutoka mjini Kakamega. Nikayatoa nikiwa nimesimama.

"Mama, mimi siku hizi sili nyama."

Aliendelea kunyonyoa. "Siri gani?"

Kwetu l na r hukaa nyumba moja, na mara nyingi ikiitwa hii huitika ile. Ningesema "sikulangi nyama", kama tulivyosema sote pale nyumbani, angenielewa mara moja. Lakini nilikuwa mwaka wa kwanza wa ualimu, nimerudi na Kiswahili cha ubaoni, na hata habari ya kumwumiza mama yangu niliitaka iwe sanifu.

"Si siri, mama. Kula. Nimeacha kula nyama."

"Ya ng'ombe?"

"Zote."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Hapo mkono wake ukasimama. Manyoya mabichi yalikuwa yameganda kwenye vidole vyake hadi kwenye kifundo. Akamtazama yule kuku ndani ya karai, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayejaribu kuona ni nani kati yetu aliyekosea.

"Umeingia dini gani?"

"Sijaingia dini."

"Ni wale wa kusali Jumamosi?"

"Wale wa Jumamosi wanakula kuku, mama."

"Basi mwambie mganga wenu huko chuoni akupime minyoo," alisema, akarudi kunyonyoa. Alinyonyoa upesi sasa, kwa nguvu, na ngozi ya kuku ikachanika mahali pawili. Sikuwahi kumwona mama akichana ngozi ya kuku.

Nieleze sababu yangu, ingawa ni ndogo, na udogo wake umenisumbua miaka hii yote. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetumwa Chekalini na mwalimu wetu kupeleka barua, na njiani, kabla sijafika, nikakuta lori la ng'ombe limekwama kwenye matope. Watu walikuwa wakilisukuma, wakiimba, wakitukanana. Mimi nilisimama kando na kutazama kati ya mbao za ubavu wa lori. Ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka ndani na wenzake walikuwa wamesimama juu yake, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kusimama. Kila lori lilipotikiswa, walikanyaga upya. Yeye alikuwa kimya. Jicho lake moja lilikuwa karibu kabisa na upenyo wa mbao, kubwa, limelowa, nami nilijiona ndani yake, mdogo, na barua mkononi. Sikufanya lolote. Lori lilipotoka matopeni watu walishangilia na mimi nikashangilia.

Jumamosi ile bwenini ilikuwa zamu ya nyama. Chuoni tulipewa nyama Jumatano na Jumamosi, vipande vitatu kwa kila mtu, na ulizoea kuwatazama wasichana wakivihesabu. Nilitia kimoja mdomoni na sikuweza kukimeza. Niliviweka kwenye sahani ya rafiki yangu, naye akanikumbatia. Juma lililofuata nikampa tena. Juma la tatu lilikuwa limeshakuwa uamuzi, na nilikuwa na miaka ishirini na nilipenda sana kuwa na uamuzi. Niliuandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nilitembea nao kama mtu aliyevaa gauni jipya.

Jioni ile mama alimpika kuku wake hata hivyo. Aliniwekea bakuli mbele yangu, paja juu kabisa ya mchuzi, mvuke ukipanda, na ugali kando, ule anaouita obusuma, mweupe, umesimama wima kwenye sahani. Kisha akaketi upande wa pili wa meza na sahani yake ya sukuma wiki. Mama hakuwa akila kuku. Nilijua hivyo tangu utotoni kama nilivyojua kwamba ana kovu kwenye kiwiko. Hakuonja hata mchuzi. Chumvi aliipima kiganjani, akaitia sufuriani bila kugusa mwiko kwa ulimi, na haikuzidi wala haikupungua hata siku moja. Tulipomuuliza alisema hampendi kuku, harufu yake inamtosha. Kwangu mimi lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kwamba mama mpishi bora wa kuku katika vijiji vyote vitatu hali kuku.

Nilivuta sahani yake ya sukuma katikati ya meza, nikamega ugali, nikala kutoka humo. Bakuli likakaa. Mafuta yakaanza kuganda ukingoni.

"Kidogo tu," alisema.

"Mama, nimekuambia."

"Paja tu. Mchuzi uache."

"Siwezi."

"Huwezi, ama hutaki?"

Nilimpa hotuba. Nilimweleza habari za jicho la ng'ombe, na uhai, na jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa maharagwe. Aliisikiliza yote, mikono imewekwa juu ya leso mapajani. Nilipomaliza alisimama, akafunika bakuli kwa sahani, akalipeleka ng'ambo ya ua kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alichukua muda kurudi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kulala, na jua lilikuwa halijazama.

Shangazi alikuja asubuhi kurudisha bakuli. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kinachotangulia miguu yake mlangoni, na alikuwa ameshaachana na waume wawili bila kumlaumu yeyote kati yao.

"Mtoto wa kaka," alisema, akinizunguka kama mtu anayenunua ndama, "hebu simama upande. Geuka. Ni ya miezi mingapi?"

"Shangazi!"

"Mimi mimba yangu ya kwanza ilinikataza samaki. Ya pili ikanikataza mume." Akacheka peke yake. Mama, aliyekuwa akifagia, hakucheka. Shangazi akamtazama, akanitazama, kicheko kikakauka. "Basi mulamwa," alimwambia mama, kwa jina wanaloitana mtu na mke wa kaka yake, "kuku alikuwa mtamu sana." Alilisema taratibu, kama anavyosema mtu anayetoa pole.

Likizo yote ile mama hakurudia suala hilo. Alinipikia mboga. Alizipika vizuri, aliziweka mezani, akaenda zake. Nilidhani amezoea. Niliporudi chuoni nilikuwa nimenenepa kidogo na nilijiona mshindi.

Muhula wa pili nilipata habari kwamba anaumwa tumbo. Wa tatu, kwamba amelazwa. Nilifika wodini nikamkuta amekuwa mwembamba kiasi kwamba pete ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isianguke. Daktari alisema ni uvimbe, na kwamba umechelewa kuonekana, na kwamba kama tungependa tungeweza kumrudisha nyumbani. Alilisema kwa upole, na neno hilo "kupenda" limenikaa hadi leo. Tulimrudisha. Niliomba ruhusa chuoni, nikapewa.

Ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Mimi na shangazi tuliketi kwenye turubai uani tukipukuchua, na mama alikuwa amelala ndani karibu na dirisha, ambako angeweza kutusikia tukicheka lakini si tukinong'ona. Siku ile alikuwa amekataa uji. Nikasema, kwa kutafuta tu la kusema, kwamba nashangaa mtu aliyekonda vile hata supu ya kuku hataki kuonja.

Shangazi aliacha gunzi mkononi.

"Wewe hukuambiwa?"

"Niliambiwa nini?"

Alitazama dirishani, akasogea hadi magoti yetu yakagusana. Sauti yake ilipopungua ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Bibi yangu, mama yake shangazi na baba, ndiye aliyekuwa mwenye boma zamani hizo. Nilimkumbuka kidogo tu, harufu ya tumbaku na mkono mkavu. Katika nyumba yake wanawake hawakula kuku wala mayai. Haikuwa nyumba yake peke yake, ilikuwa hivyo kwa wengi hapo awali, lakini watu wengine walikuwa wameshaanza kulegeza, na bibi hakulegeza. Mwanamke alimfuga kuku, akamlisha, akamnyonyoa, akampika, akampelekea mume na wageni wake, firigisi ikiwa juu kwa ajili ya mwenye nyumba, kisha akarudi jikoni kula mboga ya mrenda.

"Wewe ulikuwa na miaka mitatu," shangazi alisema. "Wageni wamekuja, wazee wanne. Mama yako ameingia na bakuli, wewe umemshika leso nyuma. Ameinama kuweka mezani, wewe ukanyoosha mkono, ukachukua kipande, pwaa, mdomoni. Wazee wakacheka. Bibi yako hakucheka. Aliinuka pale alipokuwa, akakushika taya, akaingiza kidole mdomoni mwako, akakitoa kile kipande. 'Wanawake hawakulangi kuku.' Ulilia, mtoto wangu, mpaka ukakosa pumzi. Kidole kilikuwa na kucha. Ulitoka damu."

"Na mama?"

"Mama yako alikuwa mpole. Bado ni mpole. Alichukua paja kwenye bakuli la wageni. Paja, sikia! Mbele ya wazee wanne na mume wake na mama mkwe. Akakupa mkononi. Akasimama katikati, wewe nyuma yake, akasema, 'Kula.' Ukakula. Tulikusikia ukitafuna. Hakuna mtu aliyesema kitu mpaka umemaliza."

Kesho yake mama alirudishwa kwao Khwisero, mimi nikiwa mgongoni. Alikaa huko tangu palizi hadi mavuno. Baba alipokwenda kumchukua pamoja na wazee, mama alisema atarudi kwa sharti moja: binti yake ataruhusiwa kula kuku kama mtu yeyote. Wazee wakarudi kwetu Lugari na sharti hilo. Bibi akafikiri siku mbili. Akajibu kwamba mtoto atakula, lakini mkono ulioiba bakulini hautasamehewa bure, na huyo mke wa mwanawe hataonja kuku maisha yake yote.

"Naye akakubali?"

"Akasema sawa. Sawa tu, kama anaulizwa kama anaongeza chai." Shangazi alifuta macho kwa mgongo wa mkono, vumbi la mahindi likabaki shavuni. "Na mimi nilianza kula siku uliyoanza wewe. Nani angenikataza mimi mtu mzima, na katoto kanakula? Nilijificha nyuma yako. Dada zangu wote walijificha nyuma yako. Bibi yako alipokufa nikamwambia mulamwa, sasa basi, kula. Akasema hapana."

Tulipukuchua hadi gunia likajaa. Nilikuwa nikiliona lile bakuli juu ya meza, mafuta yakiganda ukingoni, na mama akisema paja tu, mchuzi uache. Nikaona pia jinsi nilivyonyoosha mgongo nikimpa hotuba. Kwa kuku mmoja kila likizo, miaka yote ile, mama hakuwa akinilisha. Alikuwa akinitazama nikila. Hicho ndicho kilikuwa chake, nami nilikuwa nimekiondoa mezani kwa ajili ya ng'ombe mmoja nisiyemsaidia kwa lolote.

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, akilala huko, na harufu ya molasi haikumtoka hata akioga mara mbili. Nilimkuta nyuma ya ghala akinoa panga.

"Baba, kwa nini hukusema kitu siku ile?"

Hakuuliza siku ipi. "Yule alikuwa mama yangu," alisema.

"Na huyu?" Nikaelekeza kidole nyumbani.

Alipitisha panga kwenye jiwe, mara moja, mara ya pili. "Huyu alijua kusema mwenyewe," alijibu, akaligeuza panga, akaanza kunoa upande wa pili.

Siku mbili baadaye nilikaa kitandani kwa mama. Asubuhi ilikuwa nzuri, alikuwa amelala usiku, na alikuwa ameniomba nimpake mafuta miguuni. Nilipaka huku nikisema, bila kumtazama:

"Kesho nitamwomba baba achinje kuku. Nitakula."

Vidole vya miguu yake vilikunjika kidogo mkononi mwangu.

"Ni shangazi yako."

"Ndiyo."

"Mdomo wa mulamwa wangu wangeufunga juu ya mlingoti, watu wote wa Lugari wangepata habari bila redio." Alipumua. "Una njaa ya kuku?"

"Hapana."

"Unamtamani?"

"Hapana, mama."

"Basi ni kwa sababu ninakufa."

Niliendelea kupaka. Hakukuwa na mahali pa kupaka tena, mguu wote uling'aa.

"Usile kuku wa mgonjwa kwa ajili yangu," alisema. "Sikukaa Khwisero nikilima shamba la kaka yangu ili uje ule huku unalia. Nilitaka ule ukitaka. Ukikataa pia, iwe ni wewe unakataa." Nikadhani amemaliza, nikaanza kujisikia mwepesi. Lakini hakuwa amemaliza. "Ila usifikirie haikuniuma. Iliniuma. Nilisimama kwa shangazi yako na bakuli hilo mkononi, nikashindwa kubisha hodi. Nilisema moyoni, mama mkwe, umeshinda. Umekufa na umeshinda."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini iliniuma, ujue zote mbili."

Kulikuwa na kuku nje waliokuwa wakiparua makapi ya mahindi, na tukawasikiliza. Mama alifumba macho. Alipofungua tena alikuwa na uso mwingine, uso wa msichana anayetaka kuuliza kitu cha aibu.

"Wewe umekula miaka kumi na saba," alisema. "Huwa iko aje?"

"Nini?"

"Kuku. Huwa iko aje mdomoni?"

Nilikuwa mtu wa maneno. Nilikuwa na madaftari matano ya hadithi chini ya godoro chuoni. Nikamwambia nyama ya kifua hutoka kwa nyuzi, nyeupe, na ya paja ni nyeusi zaidi na inateleza, na ngozi ikibanikwa vizuri huwa na mafuta yanayong'aa, na kwenye bawa kuna mifupa miwili myembamba...

"Hiyo unanieleza vile inaonekana," alinikatiza. "Vile inaonekana najua. Nimepika kuku miaka ishirini na mitano. Nimeuliza utamu wake."

Nikajaribu tena. Nilisema ni kama uyoga, lakini si kama uyoga. Nilisema kuna moshi ndani yake. Nilisema ni kama maharagwe yaliyokaangwa na kitunguu, lakini yenye... Nikatafuta mdomoni mwangu na hapakuwa na kitu. Miezi kumi tu nilikuwa nimeacha, na utamu wenyewe ulikuwa umekwenda. Nilichokumbuka ni mama upande wa pili wa meza, kidevu mkononi.

"Onja mwenyewe," nikasema. "Nikupikie leo. Bibi hayuko. Hakuna mtu anakuzuia."

"Nilisema sawa mbele ya watu."

"Kwa mtu aliyekufa!"

"Aliyekufa ni aliyeniuliza. Aliyejibu si niko hapa?"

Niliinamisha kichwa kwenye blanketi karibu na nyonga yake, na mkono wake ukaja juu ya nywele zangu, mwepesi kama kitambaa. Hakunibembeleza. Aliuacha tu hapo.

Baada ya siku hiyo akaanza kunifundisha. Sijui kama aliamua, au kama kulala tu dirishani kulimchosha. Asubuhi moja aliniita kwa sauti nikiwa jikoni, akaniambia, "Kama ni majani utakula maisha yako yote, basi uyale kama mtu. Zile sukuma zako ulizopika jana hata mbuzi angeuliza kama kuna ingine." Nikaambiwa nilete kunde ili azione. Alizigusa, akatoa majani magumu, akanieleza jinsi ya kuchoma maganda makavu ya maharagwe, kukusanya jivu, kulichuja kwa maji polepole hadi yatoke ya rangi ya chai, na hayo ndiyo munyu, ndiyo hulainisha kunde ngumu na kuutelezesha mrenda. Kwa kidole alionja munyu wangu wa kwanza, akakunja uso: ungetosha kufulia blanketi. Wa pili akaukubali.

Kila siku mboga moja. Alielekeza akiwa amelala, mimi nikikimbia kati ya jikoni na dirisha na mwiko mkononi ili atazame, na siku nyingine aliweza kula vijiko viwili. Mnavu, usikatwe kwa kisu. Majani ya maboga, uyamenye nyuzi kwanza, kisha karanga zilizotwangwa, na usikoroge sana. Mrenda, ukae mlangoni unapoupika ili uusikie ukianza kupanda. Nilikuja kuelewa kwamba hiki ndicho walichokijua wanawake wote waliorudi jikoni wakati bakuli la kuku linapelekwa mbele: elimu nzima, ambayo hakuna mwanamume pale kwetu aliyewahi kuisifu kwa kuwa hakujua kama ipo. Mama alikuwa nayo yote. Tulikuwa na siku chache.

Siku ya mboga ya saga, ile mgagani ya vitabuni, alikuwa na maumivu. Saga ni chungu, aliniambia, ndiyo maana huliwa na watu wenye subira. Unaichemsha hadi maji yaishe, unatia maziwa, unaiacha ilale. Kesho yake unaipasha tena, unatia maziwa mengine, inalala tena. "Halafu siku ya tatu," alisema, na akashika ubavu. Nikasubiri. Nilimpa maji, akakataa. Nikamgeuza upande wa ukuta kama alivyopenda. "Siku ya tatu nitakuambia siku ya tatu," alisema, akijaribu kufanya mzaha, na tukacheka wote wawili kidogo, kwa sababu ya maziwa na subira na yote hayo.

Siku ya pili hakuzungumza. Ya tatu, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono na shangazi akiwa ameshika mwingine, alikufa. Sufuria ya saga ilikuwa mekoni. Mtu fulani aliimwaga alipokuwa akitafuta sufuria za kuchemshia maji ya waombolezaji.

Walichinja fahali. Walichinja na kuku, wengi, wa mama, kwa wageni waliotoka Khwisero. Wanawake wa boma letu waliwala na watoto wa kike waliwala, wameketi chini kwenye majani ya migomba, vidole vikimetameta mafuta, wakiwaza mambo yao. Mwanamke mmoja wa upande wa baba aliniona na sahani ya ugali na kunde, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba msomi anadharau chakula cha matanga ya mama yake mzazi. Shangazi alikuwa nyuma yake na treya ya vikombe.

"Huyo," shangazi alisema, "ndiye aliyekupa hilo paja unalokula. Tafuna polepole."

Yule mwanamke hakuelewa, na shangazi hakumwelewesha.

Kabla ya kurudi chuoni tulibaki mimi na baba peke yetu nyumbani kwa siku nne. Siku ya kwanza nilichuma saga nyuma ya ghala, nikaichemsha hadi maji yakaisha, nikatia maziwa, nikaiacha ilale. Siku ya pili nikaipasha, nikatia maziwa mengine. Siku ya tatu nilisimama mbele ya jiko na mwiko mkononi, na sikujua. Labda ni siagi. Labda ni maziwa ya tatu, au hufunikwa, au haifunikwi. Nilimwendea shangazi, akasema yeye saga hakuiweza maisha yake yote, aliila kwa mama yangu. Nikatia chumvi nikaipakua.

Baba aliweka tonge la kwanza mdomoni, akatafuna muda mrefu.

"Iko chungu," alisema.

"Najua."

Akamega ugali tena, akachovya, akala. Nami nikala. Tulikula hadi sahani ikaisha, tukiwa tumetazama chini, na hakuna aliyeinuka kuleta kitu kingine.